KUHESABU VIDUDU VYA UDONGO KATIKA NCHI YA BARAFU



Katika sanduku la maswali la Klubu ya Biolojia tulikuta karatasi moja ya mwanafunzi wa klasi ya tatu. Aliandika hivi: "Mwalimu alisema kila udongo uko na vidudu vyake. Sasa kule Ncha ya Kusini ya dunia, pahali pote ni barafu, vidudu vinaishi namna gani? Na nani alienda kuvihesabu?"

Wengine walicheka karatasi ile. Sisi hatukucheka, kwa maana wakubwa wa sayansi waliuliza neno hilo hilo muda wa miaka mingi, na wengine kati yao walijibu vibaya. Basi tulitafuta katika vitabu, tukauliza walimu, na leo tunawaletea jibu. Ni refu kidogo, muvumilie.

1. UDONGO PASIPO BARAFU

Bara la Antaktika linazunguka Ncha ya Kusini. Ni kubwa kupita Ulaya nzima, na karibu lote limefunikwa na barafu ambayo unene wake, kwa wastani, ni karibu kilometri mbili. Pahali ambapo udongo unaonekana hapafiki hata sehemu moja kwa mia ya bara lote.

Kati ya pahali hapo pachache, pakubwa kupita pote panaitwa Mabonde Makavu ya McMurdo, kwenye digrii 77 za kusini. Milima imezuia barafu isishuke, na upepo mkali na mkavu unaotoka juu ya barafu unamaliza theluji kabla haijawa maji. Joto la mwaka, kwa wastani, ni kati ya digrii 15 na 30 chini ya sifuri, kufuatana na pahali. Theluji ya mwaka mzima, ukiiyeyusha, haifiki milimetri 100 za maji. Kwetu mwezi mmoja wa mvua unapita hapo.

Kule hakuna mti wala majani. Wakati wa baridi jua halionekani kabisa kwa miezi. Katika kiangazi chao, mwezi wa Desemba na Januari, jua halitui, na udongo wa juu, ukipigwa na jua, unaweza kupita digrii 10 juu ya sifuri. Barafu inayeyuka kidogo pembeni, maji kidogo yanapita. Wiki hizo chache ndizo nafasi yote ambayo kitu hai kinapata ya kula, kukua na kuzaa.

Sisi watu wa mashariki ya Kongo tusiseme barafu ni hadithi ya wazungu. Juu ya Ruwenzori, mpakani mwetu na Uganda, kilele cha Margherita kina metri 5109, na barafu iko pale, ingawa inazidi kupunguka. Lakini kuna tofauti. Ruwenzori ina mvua nyingi na majani mengi. Mabonde Makavu yana baridi na kiu pamoja.

2. "HAKUNA KITU"

Mtu wa kwanza kutembea katika mojawapo ya mabonde yale alikuwa Mwingereza Robert Falcon Scott pamoja na wenzake wawili, mwezi wa Desemba 1903. Walitembea, wakatazama, wakarudi. Scott aliandika kwamba hawakuona kitu hai hata kimoja, hata kuvu la jiwe hawakuliona. Waliona tu mifupa ya mnyama wa bahari aliyepotea mbali na maji. Aliliona kama bonde la wafu.

Tusimlaumu. Alisema kweli kuhusu macho yake: hakuona. Hatari inaanza wakati mtu anatoka katika "sikuona" na kuruka mpaka "hakuna". Maneno haya mawili si ndugu.

Katika miaka ya 1960 na 1970, wakati Marekani ilipotayarisha vyombo vya kutuma kwenye sayari ya Mars, waliona kwamba mabonde yale yanafanana kidogo na Mars: makavu, baridi, na tupu. Wakajaribu udongo wake katika labo. Wanasayansi wengine waliandika kwamba udongo fulani wa pale hauna uhai kabisa. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Rochester, Wolf Vishniac, hakukubali. Alisema pengine mbegu zipo lakini sisi hatuzipi chakula na joto vinavyozifaa. Akaenda mwenyewe kule, akaweka vyombo vyake kwenye udongo ule ule, akapata vijidudu vinavyoongezeka. Mwezi wa Desemba 1973, alipokwenda peke yake kuchukua vyombo vyake katika milima ya Asgard, alianguka akafa. Udongo aliokusanya ulirudi nyumbani, na mke wake Helen, ambaye alikuwa mwanasayansi pia, aliuchunguza akapata aina mpya ya hamira iliyoishi ndani yake.

Hapo munaona kwamba neno "hakuna" linaweza kuwa na bei kubwa. Mtu alitoa maisha yake akitafuta kama ni kweli.

3. MNYOO MDOGO KULIKO UZI

Lakini vijidudu vya Vishniac si wanyama. Mwenzetu aliuliza juu ya wanyama wadogo wa udongo. Tuje kwao.

Katika udongo wa dunia nzima kuna minyoo membamba sana inayoitwa nematodi. Munaijua jamaa yake: askarisi, mnyoo wa tumbo unaotusumbua, ni nematodi mkubwa. Ile ya udongo haifiki hata milimetri moja, mingi yake haiugui mtu, na inakula bakteria, kuvu, mizizi, au minyoo mingine.

Mtu aliyeeleza vizuri nematodi za sehemu ya McMurdo alikuwa padri, Richard Timm, Mmarekani wa shirika la Msalaba Mtakatifu, aliyefundisha sayansi miaka mingi katika koleji ya Notre Dame mjini Dhaka, nchi ya Bangladesh leo. Sisi ni shule ya Kiprotestanti, lakini kazi njema ni kazi njema. Mwaka 1971 alichapisha maelezo ya aina kadhaa, na moja aliipa jina la Scottnema lindsayae. Sikilizeni ndani ya jina lile: Scott! Bonde ambamo Scott hakuona kitu hai, chini ya viatu vyake kulikuwa na mnyoo ambao leo unabeba jina lake. Padri Timm alikufa mwaka 2020, akiwa na miaka 97.

Kiisha, karibu na mwaka 1990, mama mmoja wa Marekani, Profesa Diana Wall, na mwenzake Profesa Ross Virginia, walianza kwenda kule kuhesabu, si kutazama tu. Tangu 1993 kazi hiyo iliingia katika mpango wa muda mrefu: kurudi pahali pale pale, mwaka kwa mwaka, kuhesabu tena. Profesa Wall alikufa mwaka 2024. Bonde moja la kule lina jina lake.

4. WANAHESABU NAMNA GANI?

Hapa ndipo swali la mwenzetu lina uzito. Mnyoo usioonekana kwa macho, ndani ya udongo ulioganda, unauhesabu vipi? Tutaeleza kazi hatua kwa hatua, kwa maana katika kila hatua kuna pahali pa kukosea.

a) Kuchagua pahali. Hauchagui pahali panapokupendeza. Ukichota tu pahali palipo na unyevu, utasema "minyoo ni mingi". Ukichota tu pahali pakavu, utasema "hakuna". Basi wanapima viwanja, wanaweka alama, na wanachota kufuatana na mpango uliokatwa mbele, pakavu na penye maji, juu ya mlima na chini.

b) Kuchota. Wanaondoa mawe madogo ya juu, wanachota udongo kwa kijiko safi mpaka santimetri 10 kwenda chini, wanautia katika mfuko safi wa plastiki na kuandika namba, siku, na pahali. Kijiko kikibaki na udongo wa pahali pa kwanza, utapeleka minyoo ya pahali pa kwanza kwenye pahali pa pili, na hesabu yako itasema uongo bila wewe kujua. Mifuko inawekwa katika sanduku lenye baridi, kwa maana joto linaweza kuamsha au kuua vilivyomo.

c) Kupeleka. Elikopta inachukua masanduku mpaka labo ya kituo cha McMurdo, karibu na bahari. Udongo unashughulikiwa upesi, katika siku chache, na unakaa katika baridi.

d) Kuosha. Udongo uliopimwa unatiwa katika bokali pamoja na maji baridi, wanakoroga, wanangoja kidogo. Mchanga mzito unashuka chini. Minyoo myepesi inabaki katika maji. Maji yanamiminwa juu ya vichungi viwili: cha juu kina matundu makubwa kidogo ya kushika majani na mawe, cha chini kina matundu madogo sana, karibu sehemu 4 za milimetri iliyogawanywa mara 100. Hicho ndicho kinashika minyoo.

e) Sukari. Hapa wanafunzi wa Kemia watafurahi. Kinachobaki katika kichungi kinatiwa katika vichupa, na mashine inavizungusha mbio ili vitu vizito vikae chini. Wanamwaga maji ya juu, kiisha wanatia maji ya sukari, karibu nusu kilo ya sukari kwa litri moja, na kuzungusha tena. Munajua yai linazama katika maji ya kawaida lakini linaelea katika maji yenye chumvi nyingi. Ni vile vile: mchanga unazama, lakini mnyoo unaelea katika sukari. Wanamimina sukari ile juu ya kichungi chembamba na kuosha minyoo upesi kwa maji baridi, kwa sababu sukari ikikaa juu yake inaivuta maji ya mwili na kuiharibu.

f) Kuhesabu. Sasa mtu anakaa mbele ya mikroskopu na kuhesabu mmoja mmoja. Anaandika aina, jike au dume, mkubwa au mtoto, hai au mfu. Pamoja na minyoo anahesabu rotiferi na tardigradi, wanyama wengine wadogo wanaopenda maji. Hakuna mashine inayofanya kazi hiyo mahali pake. Ni macho, shingo, na uvumilivu.

g) Kupima maji ya udongo. Sehemu nyingine ya udongo ule inapimwa, inakaushwa katika tanuru kwenye digrii 105, inapimwa tena. Hesabu inaandikwa kwa kilo moja ya udongo mkavu. Juu ya nini? Kwa sababu kilo ya udongo wenye maji na kilo ya udongo mkavu hazina udongo sawasawa. Bila hatua hii ungefananisha vitu visivyofanana.

Pengine mutauliza: juu ya nini wanahangaika na sukari, na kuna njia nyepesi ya Daktari Baermann ya mwaka 1917, ya kuacha minyoo itoke yenyewe katika udongo na kushuka katika maji? Jibu ni hili: njia ya Baermann inashika tu mnyoo unaotembea. Unaolala hauji. Uliokufa hauji. Na kule kwenye baridi, mingi imelala. Sukari inaleta yote: inayotembea, inayolala, na iliyokufa. Njia unayochagua inakata mbele kile utakachoweza kuona. Hili ndilo neno kubwa la makala hii, mulishike.

Kuna sheria nyingine zinazotushangaza. Mtu anayefanya kazi katika mabonde yale hawezi kuacha kitu nyuma yake. Hata mkojo wake anautia katika chupa na kuurudisha kituoni! Sio mchezo: mkojo una chumvi na chakula, na udongo ule ni maskini hivi kwamba kitu kidogo kinaubadilisha kwa miaka mingi. Hata miguu inaharibu. Mwaka 2008 wachunguzi walichapisha kwamba katika njia zilizokanyagwa mara nyingi na wanasayansi wenyewe, minyoo hai ilikuwa michache kuliko pembeni. Yaani mwenye kuhesabu anaweza kuua anachohesabu. Ndiyo maana leo wanatembea katika njia moja iliyowekwa, na juu ya mawe ikiwezekana.

5. KULALA BILA KUFA

Sasa tuone namna minyoo ile inavyoishi. Udongo ukianza kukauka, mnyoo unajikunja sawa kamba iliyozungushwa, unapoteza karibu maji yote ya mwili wake, na kusimamisha kila kazi. Haulli, haukui, hauzai. Unaweza kukaa hivyo miaka. Maji yakirudi, unajikunjua na kuendelea pale ulipoachia. Wanasayansi wanaita hali hiyo anidrobiosi, maana yake uhai bila maji.

Mwenzake, Panagrolaimus davidi, aina nyingine iliyoelezwa na Padri Timm, anafanya neno la ajabu zaidi. Wanyama wengi wakiganda, barafu ikiingia ndani ya selule zao, wanakufa. Mwaka 1995 David Wharton wa chuo kikuu cha Otago, nchi ya New Zealand, pamoja na mwenzake, walionyesha kwamba mnyoo huu unaweza kuganda mpaka ndani ya selule na kuishi tena.

Na upande wa kaskazini, katika udongo ulioganda karibu na mto Kolyma, Siberia, walitoa nematodi ambazo, wakati udongo ulipoyeyuka, ziliamka zikazaa. Mwaka 2023 walichapisha kwamba udongo ule uliganda tangu miaka 46 000 hivi.

Ndugu mmoja alituambia, "Basi imefufuka!" Hapana. Kufufuka ni kwa aliyekufa. Minyoo hii haikuwa imekufa. Ililala usingizi ambao sisi hatukuujua. Tusichanganye maneno, wala ya sayansi wala ya imani.

6. HESABU ZILISEMA NINI?

Kwanza, aina ni chache mno. Katika shamba letu la shule, konzi moja ya udongo inaweza kuwa na aina nyingi za nematodi ambazo mwalimu hatazimaliza kwa mwaka. Katika Mabonde Makavu yote kuna aina tatu au nne tu za kawaida, na mara nyingi mfuko mmoja una aina moja peke yake. Scottnema anapenda pakavu na penye chumvi kidogo. Eudorylaimus na Plectus wanapenda penye maji. Kule hakuna simba wala tembo. Scottnema, anayekula bakteria na hamira, ndiye tembo wa pale.

Pili, anakua polepole. Katika labo, kwenye digrii 10, alitumia zaidi ya siku 200 kutoka yai mpaka kuzaa. Na kule hapati siku 200 za namna hiyo kwa mwaka mmoja, anapata wiki chache. Kwa hiyo kizazi kimoja kinachukua miaka. Ukiua kundi lake, halirudi upesi sawa majani ya kiwanja cha mpira.

Tatu, wanabadilika kufuatana na hali ya hewa. Kati ya 1986 na 2000 mabonde yale yalizidi kupoa, karibu digrii 0,7 kwa kila miaka kumi. Hesabu ya minyoo ikashuka zaidi ya sehemu 10 kwa mia kila mwaka. Kiisha, katika kiangazi cha 2001 na 2002, joto kali lilikuja, barafu ikayeyuka, vijito vikajaa, udongo ukalowa. Mtu angesema: vizuri, sasa wamepata maji, wataongezeka wote. Haikuwa hivyo. Eudorylaimus, mpenda maji, aliongezeka. Scottnema, mpenda ukavu, aliendelea kupunguka. Kati ya 1993 na 2005 alipoteza zaidi ya nusu ya hesabu yake pahali walipochunguza.

Mutauliza: inatuhusu nini mnyoo mmoja ukipunguka kule? Kwetu, aina moja ikipotea katika udongo, mara nyingi nyingine inachukua kazi yake. Kule hakuna mwingine. Mnyoo huo unakula bakteria na kurudisha chakula katika udongo. Ukipunguka, kazi yenyewe inapunguka. Ni sawa shule yenye mwalimu mmoja tu. Akigonjwa, hakuna masomo.

Na neno hili lingejulikana vipi, kama mtu hakuhesabu mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa kumi? Anayetazama kwa macho angesema mwaka 1993 "hakuna kitu", na mwaka 2005 "hakuna kitu". Kwake hakuna kilichopunguka.

7. SIFURI PIA NI HESABU

Tunafika kwenye neno lililotugusa sisi wenyewe. Katika Mabonde Makavu, sehemu kubwa ya mifuko haina hata mnyoo mmoja. Udongo wa pale una chumvi nyingi kupita kiasi, au haukupata maji tangu zamani sana. Mchunguzi alipanda elikopta, akavumilia upepo, akachota, akaosha, akazungusha, akakaa mbele ya mikroskopu, na kuandika: 0.

Je, alipoteza kazi yake? Hapana. Sifuri zile, zikiwekwa pamoja na hesabu za chumvi na maji, ndizo zinazoonyesha mpaka ambapo mnyama hawezi kupita. Bila sifuri hautajua mpaka uko wapi.

Hata leo wanaendelea kutafuta mpaka huo. Katika msimu wa 2017 na 2018 kundi moja lilikwenda kusini zaidi, kwenye milima ya pembeni ya barafu ya Shackleton. Mwaka 2021 wengine wao walichapisha kwamba katika udongo fulani wa pahali pa juu na pakavu hawakupata hata bakteria, ingawa walijaribu kwa njia kadhaa. Lakini muangalie namna walivyosema: hawakusema "hakuna". Walisema kwamba kwa njia zile walizotumia hawakuweza kugundua kitu. Wamejifunza kwa wakubwa waliowatangulia.

Sasa sisi. Mwaka jana, katika kazi ya kuhesabu minyoo ya ardhi kwenye viwanja vya metri moja, kundi letu mojawapo lilichimba kiwanja cha pembeni ya njia, likakosa kitu. Wakaona haya. Wakaandika 4, kwa kuwa majirani walikuwa na 5 na 6. Walipata pointi nzuri. Lakini pale pembeni ya njia udongo umekanyagwa miaka na miaka, na sifuri ile ingetufundisha neno lile lile lililopatikana Antaktika kuhusu miguu ya watu. Tuliizika kwa biki yetu wenyewe. Tunaandika hili bila jina la mtu, na sisi waandishi hatujitoi.

8. BARIDI SI UMASKINI POPOTE

Tusimalize mukafikiri baridi siku zote ni nchi ya watu wachache. Katika rasi ya Antaktika, ambapo kuna joto kidogo na maji, kuna ukoga, vidudu jamii ya kupe, kolembola wanaoruka, na kimdudu kisicho na mabawa kiitwacho Belgica antarctica, cha milimetri 2 mpaka 6. Hicho ndicho mnyama mkubwa kupita wote wanaokaa nchi kavu ya Antaktika mwaka mzima, kwa maana pengwini na foka ni watu wa bahari. Jina lake linatoka kwa merikebu Belgica, iliyotumwa kutoka Ubelgiji mwaka 1897 chini ya Adrien de Gerlache. Ni miaka ile ile ambamo mfalme wa Ubelgiji, Leopold wa Pili, alikuwa ameshika nchi yetu kama mali yake. Merikebu moja ilikwenda kuhesabu vidudu katika barafu. Nyingine zilikuja kwetu kuchukua mpira na pembe. Historia inaweka vitu hivyo katika miaka ile ile.

Na kaskazini mwa dunia? Mwaka 2019 wanasayansi wengi waliunganisha hesabu za udongo 6759 kutoka kila bara. Walikuta kwamba nematodi ni nyingi kupita pote katika udongo wa kaskazini wenye baridi, kule karibu na Aktiki, si katika nchi zetu za joto. Udongo ule una mabaki mengi ya majani yasiyooza upesi, na hicho ni chakula. Kwa dunia yote, walikadiria nematodi bilioni 57 kwa kila mtu mmoja! Basi tofauti ya Antaktika na Siberia haikuja kwa baridi peke yake. Inakuja kwa maji na chakula.

9. NANYI MUJARIBU

Mashine ya kuzungusha hatuna, lakini njia ya Baermann tunaiweza. Kateni chupa ya plastiki, mugeuze kichwa chake chini, kifuniko kikiwa kimefungwa vizuri. Mutie maji. Wekeni udongo kijiko kimoja katika kitambaa chepesi, muufunge, na kuuweka juu ili maji yaguse udongo. Muache usiku kucha. Asubuhi fungueni kifuniko polepole juu ya kioo, tone chache tu, na mutazame katika mikroskopu ya labo. Jaribuni udongo wa chini ya ndizi, wa kiwanja cha mpira, na wa njia. Kiisha muoshe mikono kwa sabuni, kwa maana Daktari Baermann alitafuta njia hii sababu ya minyoo inayoingia ndani ya watu.

Andikeni yote katika kaye: pahali, siku, udongo kiasi gani, na hesabu. Mukikosa kitu, andikeni 0, na pembeni: "kwa njia ya Baermann". Tutakusanya makaye yenu mwisho wa muhula na kuchapisha hesabu zote hapa, pamoja na sifuri zake.

Kwa mwenzetu wa klasi ya tatu: ndiyo, wako. Walihesabiwa na watu waliovumilia. Lete swali lingine.

Klubu ya Biolojia